Kabla hujabonyeza "sasisha" kwenye habu ya nyumba

Habu, kile kisanduku kinachoendesha taa na vitasa vya kidijitali nyumbani, ikidai sasisho, usilifanye usiku watu wakienda kulala. Fanya asubuhi. Toa nakala rudufu ya mipangilio kwanza, na habu yenyewe uichomeke kwenye betri ya akiba: umeme ukikatika sasisho likiwa nusu, unaweza kubaki na kopo la plastiki.

Sasisho likiisha, huenda vihisi vichache vikapotea. Usivifute! Vipe hata siku nzima. Vya betri hulala sana, huchelewa kurudi mtandaoni.

Kilichonisumbua mimi zaidi si sasisho, ni mawimbi ya hewani. Zigbee (mtandao wa redio ambao habu hutumia kuongea na taa na vihisi) na Waifai ya 2.4 GHz hugombea masafa yaleyale. Ruta ikiachwa ijichagulie chaneli huhamahama, na ikitua juu ya Zigbee, taa zinaanza kiburi. Ifunge kwenye chaneli ya 1, Zigbee iweke ya 20 au 25. Ila ukihamisha Zigbee, vifaa vingine itabidi uviunganishe upya, na vya kwenye dari vinachosha kweli.

Kama unatumia kile kidude cha Zigbee cha kuchomeka kwenye kompyuta, kisogeze mbali nayo kwa waya wa USB wa mita moja hivi. Tundu la USB 3.0 hutoa kelele kwenye masafa hayohayo.