Umetoka kwenye programu ukaingia grafiki? Omba nakala moja ya majaribio kwanza

Kwa nyie mnaoacha kazi za kuandika programu za kompyuta mkaanza kujitegemea kwenye grafiki, yaani kubuni nembo na vipeperushi, kabla hujaruhusu mzigo uchapwe mwambie mchapaji akutolee nakala moja tu, karatasi ileile na mashine ileile itakayotumika, ilipie, toka nayo nje uitazame kwenye mwanga wa jua, ndo umpelekee mteja asaini nyuma yake. Skrini inatengeneza rangi kwa mwanga, nyekundu kijani na bluu, ila mashine inachanganya wino wa aina nne (samawati, majenta yaani waridi kali, njano na nyeusi), kwahiyo ile bluu kali inayong'aa kwenye laptopu kwenye wino haipo, inatoka imefifia au inaelekea zambarau. Na kwenye programu ukikosea unarekebisha usiku huohuo, vipeperushi 1000 vikishatoka ndo vimetoka. Wiki iliyopita nakala ya majaribio imeniokoa, kijani cha nembo kilitoka kama majani makavu, nikabadilisha faili kuwa CMYK (mfumo wa rangi wa zile wino nne) mwenyewe, nikapunguza majenta na nyeusi mpaka kikakaa. Ile sahihi nayo usiidharau, ndo inayomaliza ubishi wa "hii sio rangi yangu" siku ya malipo.

Njia hii inagoma lini? Ukijaribia mashine ya dijito halafu mzigo ukapigwa ofseti (mashine ya sahani, ya kazi nyingi), au karatasi ikabadilishwa katikati kwa sababu ile ya mwanzo imeisha dukani, hapo rangi zinaweza kuhama tena. Na kama kazi ni ya mtandaoni tu, usipoteze hela, ifungue kwenye simu mbili tatu tofauti inatosha.