Kuondoa neno "tu" kwenye kazi zako za nyumbani

Kwa miaka mingi, mtu akiniuliza siku hizi niko wapi, nilimjibu: "Nipo tu nyumbani." Nimeamka kabla ya adhana ya alfajiri, nimekinga maji, nimefagia uwanja, watoto wameondoka wameshiba, halafu najibu nipo tu. Kilichonitoa hapo ni tafakuri ninayoifanya huku mikono ikiwa kazini. Nyumba zetu za kupanga huku Mbagala hazina chumba cha kujitenga, kwa hiyo nilijifunza kuifanyia uani, kelele zikiendelea.

Hatua ya 1: Chagua kazi moja. Iwe ya mikono, isizidi robo saa, na iwe ile ile kila siku kwa wiki mbili. Usianze na kukaanga, mafuta yatakuunguza. Yangu ni kuchambua mchele. Simu iache ndani.

Hatua ya 2: Weka nia. Kabla ya kushika ungo, wataje kimoyomoyo watakaokula. Mimi ni Mkatoliki, naanza na ishara ya msalaba. Jirani yangu Mwislamu hakuhitaji maelezo hapa. Kwao hata saumu haiendi bila nia.

Hatua ya 3: Tazama. Hapa ndipo penye kazi yenyewe, usipaharakishe. Mimina mchele kidogo, ungo usijae. Sogeza fungu dogo dogo kwa vidole, usikie ubaridi wa punje na mlio wake. Toa chuya, toa mawe. Haitapita dakika akili itakuwa imeshakwenda kwenye marejesho ya kikoba, kodi ya miezi sita, au neno ulilojibiwa na wifi. Ukigundua umeondoka, usijigombeze, na wazo lile usilimalizie. Rudi kwenye punje iliyo chini ya kidole. Utarudi mara nyingi mno siku za mwanzo, na kila ukirudi umefanya zoezi.

Wiki ya tatu nilitoa kijiwe kidogo, nikakishika muda mrefu. Mama mkwe alikuwa kwangu, na meno yake yamechoka. Nikawaza: hakuna atakayenishukuru kwa jiwe ambalo hakulitafuna. Kazi zetu nyingi ziko hivyo, zikifanyika vizuri hazionekani. Kwa hiyo ukisubiri macho ya watu ndiyo yakupe thamani, utasubiri sana. Mimi nilikiona kile kijiwe. Siku hiyo kilinitosha.

Hatua ya 4: Heshimu vyombo. Mtakatifu Benedikto, aliyeishi Italia karne ya 6, aliagiza msimamizi wa mali za monasteri avitunze vyombo vyote kama vyombo vitakatifu vya altare. Watawa wanaofuata kanuni yake walifika Pugu, hapa hapa kwetu, mwaka 1888. Jaribu na sufuria lenye masizi: lioshe bila kulibamiza, ukilianika lishike kwa mikono miwili.

Hatua ya 5: Simama kabla ya kuondoka. Vuta pumzi tatu ukitazama ulichofanya, kisha kiseme kwa sauti: "Nimechambua kilo ya mchele. Watu sita watakula." Usiweke "tu" popote. Mwanzoni utaona haya. Sema hivyo hivyo.

Tahadhari mbili. Kama huzuni imekukalia zaidi ya wiki mbili na hata kuamka ni shida, nenda kituo cha afya, ungo hautoshi. Pia zoezi hili lisitumike kumnyamazisha mtu aliyebebeshwa kazi zote peke yake. Huyo anahitaji kusaidiwa, na kazi zigawanywe. Kwangu tulikaa tukagawana, na mchele wa Jumamosi ukaangukia kwa mwanangu wa kiume, ana miaka kumi na miwili. Nilimpa ungo, nikamwonyesha chuya, nikaondoka. Baadaye alinifuata jikoni na mawe mawili kiganjani, akauliza yatupwe wapi.