Kisakinishi kinapogoma kusainiwa

Kisakinishi chako cha Windows kikikataa kusainiwa kidijitali kwa signtool (zana ya Microsoft ya kusaini programu), anza na amri yenyewe, kabla ya kulaumu cheti (hati ya kidijitali inayomtambulisha mwenye programu):

signtool sign /debug /a /fd SHA256 /tr http://timestamp.digicert.com /td SHA256 Setup.exe

Hapo /debug ndiyo yenye faida: inaonyesha vyeti vilivyoangaliwa na vingapi vilibaki baada ya kila mchujo, iwe wa muda kwisha au wa kukosa ufunguo binafsi (sehemu ya siri inayotumika kusaini).

Tangu Juni 2023 ufunguo wa vyeti vipya vya kusaini programu hukaa kwenye kifaa maalumu, mara nyingi tokeni ya USB. Hapa ndipo wengi hukwama. Tokeni ikichomekwa kwenye kompyuta iliyoko ofisini Kariakoo, nawe ukaingia kwa mbali kwa Remote Desktop kutoka Tegeta, kikao chako hakitaiona. Chomeka kwenye mashine unayoitumia mwenyewe, au saini ukiwa umeketi palepale.

Muhuri wa muda (uthibitisho wa lini faili ilisainiwa, unaoombwa na /tr) unahitaji intaneti. Ukishindikana, rudia baada ya dakika chache, kisha jaribu kwa bando la simu, maana huenda ukuta wa mtandao (firewall) wa ofisi ndio unaozuia. Usiuache muhuri huo: bila muhuri, saini hufa siku cheti kinapokwisha. Angalia na saa. Betri ya ubao mama ikichoka, umeme ukikatika tu tarehe inarudi nyuma miaka, na cheti huonekana hakijaanza kutumika.

Saini kwanza faili za ndani, kisakinishi mwisho. Ukikibadilisha tena baada ya hapo, saini imeharibika. Hakiki:

signtool verify /pa /v Setup.exe