Somo: Mtoto anaota meno na ananing'ata titi, nifanyeje?

Mama zangu, shika kwanza jambo moja, maana hatua zote zinategemea hapo: mtoto anayenyonya sawasawa hawezi kung'ata. Ulimi wake unakuwa umetokeza mbele, umefunika fizi na meno ya chini. Akitaka kung'ata sharti aurudishe nyuma, na hapo kunyonya kunakatika. Ndiyo maana wengi hung'ata mwishoni, wameshiba na wanacheza tu.

Hatua ya 1. Tuliza fizi kabla ya kumpakata. Chukua kitambaa safi cha pamba, kiloweke kwenye maji yaliyochemshwa yakapoa, atafune. Kwa baridi hii ya Juni na Julai hapa Dodoma, maji hayo yakilala mtungini yanatosha, friji si lazima. Muwa na karoti mbichi hapana, atapaliwa. Jeli za ganzi za kupaka fizi msinunue kiholela. Zenye benzokaini zinaweza kuifanya damu ya mtoto ishindwe kubeba oksijeni.

Hatua ya 2. Mshikishe vizuri. Tumbo lake kwa tumbo lako, subiri apanue mdomo, aingize chuchu pamoja na sehemu kubwa ya weusi unaoizunguka.

Hatua ya 3. Weka simu chini, mtazame. Hapa ndipo penye kazi. Akinyonya kwa nguvu utasikia anameza na taya linashuka vizuri. Akikaribia kung'ata, kumeza kunapungua, anageukageuka, taya linakaza. Wengine wanakutazama kabisa kwa kicheko cha uchokozi! Usingoje. Penyeza kidole kidogo kilichonawiwa pembeni ya mdomo, katikati ya fizi, na kikae hapo mpaka chuchu itoke.

Hatua ya 4. Akishang'ata, usichomoe kwa nguvu, utachanika. Msogeze karibu zaidi, uso uguse titi. Pua ikizibika kidogo tu ataachia mwenyewe apumue. Mwambie kwa sauti ya kawaida, "Hapana, mama anaumia," funika titi, mpe kile kitambaa. Baada ya muda mfupi, kama bado ana njaa, mrudishe.

Kuna bibi zetu wanaosema mng'ate na wewe aone uchungu. Heshima yao iko palepale, lakini kwa hili siwafuati. Mtoto akishtuliwa kwa kelele au kibao anaweza kususa titi kabisa. Na shubiri mnayopaka kwenye chuchu inamfukuza kwenye titi lenyewe.

MASWALI

Shikamoo dada. Mama mkwe anasema meno yakitoka ni muda wa kumwachisha. Ana miezi 7. (Ipagala)

Marahaba. Meno si kipimo. Kliniki wanashauri maziwa ya mama pekee hadi miezi 6, kisha chakula pamoja na kunyonya hadi miaka 2 au zaidi. Mwombe mama mkwe mwende wote kliniki, ayasikie kwa muuguzi. Yakitoka kwako ataona unabishana.

Chuchu imechanika, inatoa damu. (Nkuhungu)

Anzia titi lisilouma. Ukimaliza, paka maziwa yako kwenye kidonda, yakauke kwa hewa, usisugue kwa sabuni. Titi likiwa jekundu, la moto, na wewe una homa, nenda kituo cha afya. Unayeishi na VVU, titi lenye kidonda usimpe: likamue, mwaga, mnyonyeshe lingine, nenda kliniki siku hiyohiyo na usiache dawa zako.

Wangu anaharisha na ana homa kali. Jirani anasema ni meno ya plastiki, yupo mtu wa kuyang'oa. (Chamwino)

Dada, tafadhali usimpeleke! Huo uvimbe mweupe kwenye fizi wanaouita meno ya plastiki ni chonge zake changa zinazojiandaa kutoka. Wanaong'olewa hutoka damu, hupata maambukizi, wengine hufa, na meno ya ukubwani huharibika. Kuota meno hakuleti homa kali wala kuharisha, kuna ugonjwa. Mpeleke kituo cha afya leo, apimwe malaria, apewe ORS na zinki. Njiani endelea kumnyonyesha.

Mimi ananing'ata usiku akiwa amelala. (Makole)

Usingizi ukimwingia, taya hujifunga lenyewe. Akiacha kumeza tu, tumia kidole kama hatua ya 3, kabla hujapitiwa na wewe.