Mtoto akitokwa vipele, usitupe kibahasha cha dawa
Wazazi wenzangu wa Uganda, mara nyingi tunapewa vidonge kwenye kibahasha kisicho na jina. Kabla hujaondoka dirishani, omba wakuandikie jina la dawa, nguvu yake na namba ya toleo (batch) iliyo kwenye kopo au pakiti yake. Mtoto akitokwa vipele baada ya Septrin, tuseme, andika saa aliyomeza na saa vipele vilipoanza, vipige picha, kisha rudi kituoni na kibahasha chenyewe. Dawa za TB au ARV usizikatishe kwa uamuzi wako, muulize mhudumu kwanza. Ila uso ukivimba, akipumua kwa shida au malengelenge yakitokea mdomoni, usimpe dozi nyingine: kimbia hospitali, hata usiku wa manane. Taarifa ya madhara hayo ifike NDA, mamlaka ya dawa ya Uganda. Hata mzazi anaweza kuripoti.