Kutoka Kitandani Hadi Chooni: Nilivyoiandaa Njia ya Mama ya Usiku

Mama yangu ana miaka 78, anaishi Muheza na mjukuu wake wa kidato cha tatu. Mwaka jana, saa nane za usiku, umeme ukiwa umekatika, alikuwa anapapasa ukuta kwenda chooni akajikwaa kwenye waya wa chaja. Mkono wa kulia ukavunjika karibu na kiganja. Mimi ni fundi umeme, nimefunga taa kwenye nyumba nyingi Tanga mjini, na kwa Mama kulikuwa na balbu moja ya korido, swichi iko mwisho kabisa wa ukuta. Hilo bado linaniuma.

Usianze dukani. Anza kwa kulala kwa mzee usiku mmoja. Akishaamka asubuhi, muombe mpite naye njia yake ya usiku, taratibu, akuonyeshe anashika wapi na anageukia wapi. Kwa Mama ni hatua 14, na kuna kizingiti kimoja ambacho mimi nimekiruka tangu utoto bila kukiona. Ondoa mkeka unaoteleza, ndala zilizolegea na kila waya uliopita sakafuni. Soketi ya chaja nimeihamishia upande wa pili wa kitanda.

Sasa taa. Nunua taa ndogo za sensa zenye betri ya kuchaji, ili umeme ukikatika ziendelee kuwaka. Zinahisi joto la mwili linalotembea na kuwaka zenyewe. Hapa ndipo wengi wanakosea: sensa humwona vizuri zaidi mtu anayepita mbele yake kwa ubavu kuliko anayeijia moja kwa moja. Kwa hiyo usiibandike mwisho wa korido ikimtazama mzee, ibandike ukutani pembeni mwa njia. Iwe usawa wa goti, imulike sakafu, isimpige machoni. Chagua mwanga wa manjano, maana macho ya mzee huchelewa kuzoea mwanga mkali. Ya kwanza iwake mara tu anaposhusha miguu kitandani. Kama taa yako ina kirekebishi cha muda, weka dakika mbili au zaidi. Taa ikimzimikia mzee katikati ya korido ni hatari kuliko kukosa taa. Kwa Mama zimetosha nne, moja ikiwa palepale kwenye kizingiti.

Kifaa cha pili ni mashine ya presha ya mkononi, ile ya kufunga juu ya kiwiko. Mama alikuwa akisema "nikiinuka dunia inazunguka", nasi tukadhani ni uzee. Mlaze mzee dakika tano, mpime. Msimamishe ukiwa umemshika, mpime baada ya dakika moja, kisha baada ya dakika tatu. Namba ya juu ikishuka kwa 20 au zaidi, au ya chini kwa 10 au zaidi, au akisikia kizunguzungu, andika namba zote na umpeleke kwa daktari pamoja na dawa zake zote. Ya Mama ilishuka kutoka 148 hadi 121, daktari akabadilisha dozi. Usimkatishe mzee dawa kwa uamuzi wako.

Simu yako nayo ina kipimo. Weka kiti imara, pima mita 3 kwa futi kamba, chora mstari kwa chaki. Mzee ainuke, atembee mwendo wake wa kawaida akiwa na viatu vyake na mkongojo wake, ageuke mstarini, arudi, aketi. Simu ihesabu sekunde, nawe ukae karibu naye. Zikifika 12 au zaidi, yuko kwenye hatari ya kuanguka, na mazoezi ya miguu na ushauri wa mtaalamu wa viungo vinahitajika.

Kisha kengele ya mlango isiyotumia waya. Kitufe kimoja Mama anakivaa shingoni, kingine nimekibandika bafuni shubiri mbili kutoka sakafuni, kwa sababu aliyeanguka hafikii ukutani juu. Mlio uko chumbani kwa mjukuu, nao ni wa betri. Umbali ulioandikwa kwenye boksi ni wa uwanjani. Jaribu milango yote ikiwa imefungwa. Nilimwambia Mama abonyeze kabla ya kuinuka. Akanijibu, "Mtoto ana mtihani, nimwamshe kwa haja ndogo?" Ilibidi mjukuu mwenyewe amwambie, "Bibi, niamshe tu, naomba." Sasa anabonyeza usiku ambao kichwa hakijatulia.

Saa za mkononi zinazohisi mtu akianguka zipo. Apple Watch inayo huduma hiyo tangu 2018. Lakini zinataka kuchajiwa mara kwa mara, na kazi yake huanza mzee akishaanguka. Fedha ikiwa kidogo, taa kwanza. Kamera chumbani kwa Mama sikuweka wala sitaweka, mzee ana heshima yake.

Shirika la Afya Duniani linakadiria watu 684,000 hufa kila mwaka kwa kuanguka, zaidi ya asilimia 80 wakiwa katika nchi za kipato cha chini na cha kati kama yetu. Niliisoma takwimu hiyo Mama akiwa bado na plasta mkononi.

Kwenye kile kipimo cha kiti na mstari, Februari Mama alitumia sekunde 17. Wiki iliyopita, 13. Jumamosi naenda Muheza kuchaji taa na kubadilisha betri za kengele.