Moshi wa kiangazi Arua: ninavyomlinda mtoto mwenye pumu

Kuanzia Desemba mpaka mvua zirudi, huku Arua, kaskazini-magharibi mwa Uganda, tunavuta moshi. Wakulima wanasafisha mashamba, wawindaji wanafukuza panya, wafugaji wanataka majani mapya yachipue, na wote wanatumia kiberiti. Upepo wa miezi hiyo unavuma kutoka kaskazini-mashariki, kwa hiyo tunapokea pia moshi wa Sudan Kusini. Mimi ni fundi cherehani na mama wa binti mwenye pumu. Ninachotaka kila mzazi akishike ni hiki: moto wa porini hatuna uwezo wa kuuzima, lakini moshi mzito kuliko wote ni ule unaowashwa hatua chache kutoka kwa mtoto, na huo uko mikononi mwetu.

Basi anza na jiko. Sigiri iwashwe nje, mbali na mlango, na usiisogeze barazani mpaka makaa yawe mekundu na moshi ukatike. Usiwashe kwa kavera, yaani mfuko wa plastiki, wala chupa ya plastiki, hata kama makaa yameloa na watoto wanalia njaa. Moshi wa plastiki ni sumu. Wanaopika kwa kuni wazipasue ndogo na kuzianika mapema, maana kuni mbichi ndizo zinazojaza moshi. Loweka maharage tangu usiku, funika sufuria, moto utawaka muda mfupi zaidi. Mtoto mwenye pumu asitumwe kupuliza moto. Mdogo asibebwe mgongoni wakati mama anainamia jiko. Mpe dada yake amshike upande ule upepo unakotoka. Na sigiri yenye makaa isiingizwe chumbani usiku kwa ajili ya joto, kamwe. Makaa yanatoa hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu, na watu wanakufa usingizini.

Saa nazo zina maana. Nyasi huchomwa zaidi mchana, jua likiwa kali. Usiku hewa ya chini inapoa na kutulia, na moshi unabanwa karibu na ardhi kama mvuke chini ya kifuniko cha sufuria. Ndiyo maana alfajiri kifua cha mtoto kinabana. Mimi hufunga madirisha jua linapozama, na huyafungua jua likishapanda vizuri, ikiwa hakuna moto unaowaka karibu. Kufagia uwanja, kukimbia na kucheza mpira kunangoja saa hizo pia. Kabla ya kufagia nyunyiza maji. Ndani, tumia kitambaa chenye maji badala ya ufagio. Mlima wa Arua ukionekana kwa shida, huo ni mchana wa mtoto kukaa ndani.

Mwenye simu ya intaneti atafute programu ya AirQo inayoonyesha uchafu wa hewa; ni mradi wa Chuo Kikuu cha Makerere ulioanza 2015 na kutengeneza vipimo vyake hapa hapa Uganda. Tazama kipimo kilicho karibu nawe. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa 2021, linataka PM2.5, yaani chembe ndogo mno zinazoelea hewani, zisizidi maikrogramu 15 kwa kila mita ya ujazo kwa wastani wa siku nzima.

Sasa barakoa, na hapa ninasema kama mtu wa vitambaa. Wakati wa korona nilishona nyingi za kitenge na pamba. Zinasaidia kwa vumbi jekundu la barabarani, lakini chembe za moshi ni ndogo mno, zinapita kati ya nyuzi na pembeni mwa mashavu. Kulowesha leso na kujifunga puani hakubadilishi hilo. Inayochuja moshi ni N95 au KN95. Bonyeza waya wa puani ulale vizuri, kisha pumua kwa nguvu: ukihisi upepo machoni, haijakaa. Ndevu pia zinaiachia hewa. Si lazima uitupe kila siku. Iweke kwenye mfuko wa karatasi, na uitupe ikilegea kamba, ikichafuka au ikiwa nzito kupumulia. Kwa bei yake, mimi ningempa kwanza mwendesha boda au mama anayeuza kando ya barabara ya malori. Mtoto mdogo haimkai. Yeye mlinde kwa kubadilisha njia na saa.

Chumba cha kulala, tumia chandarua, si dawa ya mbu ya kuchoma. Kufunga madirisha kuzuia moshi kisha kuwasha moshi mwingine ndani hakuna faida. Kuhusu maziwa, wengi huku wanaamini yanasafisha mapafu. Ni chakula kizuri, mpe mtoto, lakini yanashuka tumboni; hayafiki mapafuni.

Dawa ya kuvuta inunuliwe kabla ya Desemba. Watoto wengi wanaibonyeza na dawa inaishia kooni. Chukua chupa safi ya maji ya nusu lita, kata tundu kwenye kitako chake linalolingana na mdomo wa kifaa cha dawa, uzibe pembeni kwa gundi ya karatasi. Tikisa dawa, mtoto afumbate mdomo wa chupa, bonyeza mara moja, avute na kutoa pumzi taratibu mara tano au sita. Osha chupa kwa sabuni, iache ikauke yenyewe. Mwombe muuguzi aangalie mara ya kwanza.

Mtoto akishindwa kumaliza sentensi, mbavu zikizama kila anapovuta pumzi, midomo ikigeuka rangi, au dawa isipomtuliza, mpeleke hospitali, usingoje asubuhi. Elewana mapema na mwendesha boda wa mtaani anayelala karibu, namba yake iwe kwenye simu ya kila mkubwa nyumbani. Mtoto akae wima katikati yenu, asilazwe, na mchukue dawa na ile chupa. Mnaweza kuendelea kumpa njiani mkisimama.